Betri Zilizopanda Ndege

Kila likizo ikikaribia masanduku yetu hujaa simu, kompyuta za mkononi na pawabenki za kuwapelekea jamaa nyumbani. Tukiulizwa uwanjani kama kuna betri ndani, wengi wetu hujibu upesi: hakuna. Ndiyo maana tumeona tukumbushane yaliyotokea Dubai, njia yetu ya kila siku, tarehe 3 Septemba 2010.

Jioni ile ndege ya mizigo aina ya Boeing 747, mali ya UPS, ilitoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Ilikuwa imetokea Hong Kong, imepakia betri za lithiamu zaidi ya 81,000. Baada ya dakika 22 hivi, katika anga inayosimamiwa na Bahrain, kengele ya moto ikalia. Doha ilikuwa jirani zaidi, lakini nahodha akaamua kurudi Dubai. Tusimlaumu, hakujua moto ule una kasi gani. Moshi ulijaa chumba cha marubani hata saa na vipimo havikuonekana. Oksijeni ya nahodha ikakatika, akaondoka kitini kutafuta nyingine, asirudi tena. Msaidizi wake akabaki peke yake, haoni kitu, hawezi hata kubadili masafa ya redio, akiongozwa na marubani wa ndege nyingine waliompokezea maelekezo. Ndege ilianguka ndani ya eneo la jeshi. Wote wawili walifariki.

Sisi wahandisi hatuwezi kusema tulishtukizwa. Miaka ya 1970, Stanley Whittingham alipotengeneza betri ya lithiamu katika maabara ya Exxon, mioto ilizuka humo humo. Mwaka 1989 kampuni ya Moli Energy ya Canada ililazimika kurudisha betri za simu zilizouzwa Japani, baada ya moja kuwaka. Sony walipoingiza sokoni betri ya ayoni za lithiamu mwaka 1991, madini yenyewe yakiwa yameondolewa, hatari ilipungua sana. Haikwisha. Majimaji ya ndani bado ni ya kuwaka, na kinachotenganisha pande mbili za umeme ni plastiki nyembamba kuliko unywele. Ikitoboka, betri hujipasha moto yenyewe, kisha humpasha jirani yake, naye jirani yake.

Ripoti ya uchunguzi ya Falme za Kiarabu, mwaka 2013, ilisema moto ulianzia kwenye shehena yenye betri hizo. Ilisema na jambo jingine linalotugusa sisi: angalau mizigo mitatu ilistahili kutajwa kuwa ni ya hatari, na haikutajwa.

Tangu tarehe 1 Aprili 2016, shirika la ICAO limekataza betri hizo kusafirishwa peke yake kama shehena katika ndege za abiria. Za mizigo huzichukua zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Na pawabenki hubebwa mkononi, kwa sababu huko juu tulikokaa mtu ataona moshi na mhudumu atamwaga maji. Chini kwenye masanduku hakuna mtu.