XML: Jinsi ukurasa wa wavuti unavyosoma daraja la Mto Kilombero

Ukiitafuta Ifakara kwenye ramani ya OpenStreetMap, simu inakuonyesha barabara na mito. Nyuma ya picha hiyo kuna maandishi tu. Mradi huo, ulioanzia Uingereza mwaka 2004, hutoa data zake kwa mfumo wa XML, ambapo kila taarifa huwekwa ndani ya alama kama hii:

<tag k="bridge" v="yes"/>

Maana yake: hapa barabara inapita juu ya daraja. Kwa Kilombero hilo si jambo dogo. Kabla ya kuwepo kwa daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, kwenda Ulanga kutoka Ifakara ulivuka kwa pantoni.

JavaScript inaisomaje?

1. Leta faili: tumia fetch(), kisha text(). Omba eneo dogo tu. Seva inakataa eneo lenye nukta zaidi ya 50,000, na bando lako pia litapona.

2. Chambua: DOMParser hugeuza maandishi kuwa mti wenye matawi.

3. Tafuta: querySelectorAll('tag[k="bridge"]') inakuletea madaraja yote, na getAttribute("v") inasoma thamani yake.

Angalizo: XML haina msamaha. Alama moja isipofungwa, unapata parsererror badala ya data. Ikague kwanza. Usipofanya hivyo, ukurasa wako unaweza kumwambia msafiri hakuna daraja, kumbe lipo.