Tamu Mbele, Chungu Nyuma: Vitamu vya Chai ya Kijapani na Halua ya Pwani

Chaji, mwaliko kamili wa chai wa Kijapani, huchukua takriban saa 4, na kwa sehemu kubwa ya muda huo chai yenyewe haionekani. Wageni, ambao kwa kawaida hawazidi watano, huingia katika chumba kidogo cha mikeka ya tatami na kula mlo mwepesi wa kaiseki kwa utaratibu wake. Mlo ukikamilika huletewa kitamu cha kwanza, omogashi: kipande kimoja kwa kila mtu, laini, chenye unyevu, aghalabu cha maharage yaliyopondwa na kupikwa na sukari. Mgeni hukikata kwa kijiti cha mti wa kuromoji, hukila juu ya karatasi iliyokunjwa, kisha wote hutoka kupumzika bustanini. Wakirejea ndipo hutengenezewa koicha, chai ya kijani ya unga iliyokorogwa hadi ikawa nzito kama uji. Mwisho huja higashi, vitamu vikavu vidogo, pamoja na usucha, chai nyepesi ya unga uleule wa matcha.

Mtu wa Unguja, Mombasa au Maskati hahitaji kuelezwa kwa nini tamu imetangulia. Kwao sahani ya halua au tende hufika kwanza, na kahawa chungu hufuata. Mila hizi mbili zilikua mbali mno, moja kwenye majani ya chai ya Uji karibu na Kyoto, nyingine kwenye buni zilizovuka bahari kutoka Yemen, na hata hivyo zimekubaliana juu ya jambo ambalo meza nyingi za leo zimelisahau: utamu ni mtumishi wa uchungu. Unaandaa ulimi, kisha unaondoka. Keki ya Ulaya huliwa sambamba na kinywaji, pande la keki kisha funda la chai, na kikombe chenyewe mara nyingi kina sukari. Kwa Mjapani na kwa Mswahili wa barazani kikombe hakitiwi sukari kamwe, maana kazi hiyo imeshafanywa.

Hata hivyo kazi yenyewe hufanywa kwa njia tofauti, na tofauti inaanzia jikoni. Vitamu vya asili vya Kijapani, wagashi, kwa sehemu kubwa havina siagi, maziwa wala mafuta. Watawa wa Kibudha waliokwenda China kusoma Zen walirudi na chai na desturi ya vitafunio vyake, lakini wao hawakula nyama. Yokan, ambayo China ilikuwa mchuzi wa kondoo, iligeuka Japani kuwa chakula cha maharage. Maharage madogo mekundu ya azuki huchemshwa, maji ya kwanza yenye ukakasi humwagwa, maganda hutolewa, na unga uliobaki hukamuliwa na kurudishwa motoni na sukari. Kinachopatikana huyeyuka mdomoni bila kuacha utando. Chai ikifika, ulimi uko wazi.

Halua ni kinyume chake. Wanga, sukari, samli, iliki, zaafarani, marashi ya waridi na lozi hupikwa katika sufuria kubwa la shaba, watu wakipokezana mwiko kwa saa nyingi, kwa kuwa dakika chache za uvivu hutosha kuiunguza chini. Samli hutanda juu ya ulimi na kukaa. Kahawa inayoifuata kwa hiyo haina budi kuwa ya moto, kali, na katika pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida yenye tangawizi, ili iupasue utando ule. Wapikaji wa pande zote mbili walikuwa na hesabu zao. Kahawa yetu ingeifunika matcha, na matcha isingeiweza samli.

Kwa sura, hata hivyo, halua ina ndugu Japani, na ndugu huyo ni yokan. Zote mbili ni nyeusi zenye mng'ao, zote huruhusu mwanga uingie kidogo na kubaki humo. Mwandishi Tanizaki Jun'ichiro, katika insha yake *In'ei Raisan* ya mwaka 1933, aliisifu rangi ya yokan inayotazamwa katika chumba chenye giza, ndani ya chombo cheusi cha laka. Alitaka iliwe mahali ambapo macho hayaioni vizuri. Sioni sababu sifa hizo zisiiendee halua iliyoonekana kwa mwanga wa kandili. Tofauti iko katika kinachoigandisha. Halua hushikwa na wanga, yokan hushikwa na kanten, itokanayo na mwani mwekundu uitwao tengusa, ambayo Wajapani walianza kuitumia katika karne ya 17. Akina mama wa Mombasa wanaopika faluda wanaijua kanten kwa jina la agaraga au chaina grasi. Na tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya Unguja wanalima mwani wa jamii nyingine, unaosafirishwa kwenda kugandisha vyakula vya watu wa mbali. Malighafi ya utamu huo iko miguuni petu, maji yakitoka.

Sukari ina historia chungu kuliko kinywaji chochote. Katika karne ya 8 Japani iliihesabu kuwa dawa. Imo katika orodha ya dawa zilizotolewa kwa hekalu la Todai-ji mwaka 756. Sen no Rikyu, bwana wa chai aliyefariki mwaka 1591, aliwapa wageni wake vitu vya kawaida sana: njugu za chestnut, au fu-no-yaki, chapati nyembamba ya unga wa ngano iliyopakwa miso. Utamu mwingi ulikuja baadaye, na milango yake miwili tunaijua. Mmoja ni Wareno. Meli zao, ambazo zilikuwa zimefika Malindi mwaka 1498, ziliendelea kupitia Goa hadi Japani, na mwaka 1569 mmisionari Luís Fróis alimzawadia mtawala Oda Nobunaga chupa ya peremende za konpeito. Mlango wa pili ni visiwa vya Amami, vilivyotwaliwa na ukoo wa Shimazu wa Satsuma mwaka 1609. Huko wakulima walilazimishwa kulima miwa badala ya chakula, sukari nyeusi yote ikachukuliwa kuwa kodi, na waliozama katika deni wakawa watumwa wa nyumba za matajiri.

Mtu akiisoma habari ya Amami hawezi kuacha kuikumbuka Pangani. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la mto ule yalilimwa na watumwa, na mmoja wa wenye mashamba alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, yuleyule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata. Tunamkumbuka kwa haki kama mpinzani wa ukoloni. Waliokata miwa yake hatuwakumbuki. Unyenyekevu wa chumba cha chai na ukarimu wa baraza vyote viwili vimekaa juu ya migongo ya watu wa namna hiyo, na uhakiki unaopenda uzuri wa vitu hivi hauna ruhusa ya kuwapita.

Tofauti kubwa kabisa ya mila hizi, kwa maoni yangu, ni kalenda. Kitamu cha chai Japani huvaa msimu wake. Mwezi wa kwanza ni hanabira mochi, mkate mwembamba mweupe wa mchele unaokunjwa juu ya kipande cha mzizi wa gobo na miso nyeupe, ambao watu wa shule ya chai ya Urasenke huula katika chai ya kwanza ya mwaka. Masika yao huleta sakura mochi iliyofungwa kwa jani la mcheri lililotiwa chumvi, na jani huliwa. Mei 5 huja kashiwa mochi, ambayo jani lake la mwaloni haliliwi. Tarehe 30 Juni watu wa Kyoto hula minazuki, pembetatu nyeupe iliyowekwa azuki juu, mfano wa barafu ambayo zamani watu wa kawaida hawakuweza kuipata kiangazi, na azuki yake hufukuza mabaya. Vile vya nerikiri, vinavyofinyangwa kwa mkono na kisu cha mbao chenye pembe tatu, hupewa majina ya kishairi, na mgeni humuuliza mwenyeji jina kabla hajajua alichokula. Kipande cha rangi ya majani yaliyoanza kuwa mekundu hakitauzwa mwezi wa nne. Kesho yake chenyewe kimeshakauka. Urembo wake umo katika kupita.

Halua haina msimu, na ingekuwa ajabu kama ingekuwa nao. Sikukuu zinazoidai hufuata mwezi wa Kiislamu, ambao kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Idd iliyosherehekewa katika kaskazi, baada ya miaka kadhaa itaangukia kusi, kisha masika, hadi izunguke mwaka mzima katika miaka 33 hivi. Chakula cha sikukuu inayotembea hakiwezi kufinyangwa kama ua linalochanua mara moja. Kinatakiwa kiwe kilekile katika joto na katika mvua, na halua inaliweza hilo: hukaa wiki nyingi bila friji, hubebwa katika vikapu vidogo vya ukindu kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, na huwasubiri wageni wa harusi au wa hitima wafike. Japani yenyewe ililionja tatizo hili ilipochukua kalenda ya Kizungu mwaka 1873. Siku ya mipichi, Machi 3, sasa huja kabla maua ya mipichi hayajachanua, na mpishi wa vitamu ndiye huyaleta kwa unga na rangi.

Hapa ndipo najitenga na wale wanaoisifu wagashi kwa kuidharau halua, kana kwamba kisichobadilika hakina fikra. Kitamu cha Kijapani kinamwambia mgeni kuwa leo ni leo. Halua inamwambia kuwa ukarimu alioupata babu yake ndio huu. Zote ni fikra nzito.

Kuna jambo lingine, na ndilo lililonivuta kuandika. Chumbani kwa chai kila mgeni hupewa kipande chake cha omogashi, kimoja, kisichogawanywa. Koicha hunywewa katika bakuli moja. Mgeni wa kwanza huinama kumwomba radhi wa pili kwa kumtangulia, hunywa mafunda matatu na kidogo, hufuta ukingo, hupitisha. Barazani ni kinyume kabisa. Halua iko katika sahani moja katikati, kila mtu humega kwa vidole vya mkono wa kulia upande uliomwelekea, lakini kahawa humiminwa kutoka dele la shaba katika kikombe kidogo cha kila mmoja, na Mwomani aliyetosheka hukitikisa kikombe kuonyesha kwamba basi. Pande zote mbili zilijua kuwa mwaliko bila kitu cha pamoja si mwaliko. Moja ikakiweka kitu hicho kwenye tamu, nyingine kwenye chungu. Naona Wajapani walichagua njia ngumu zaidi, kwani kushirikiana utamu ni rahisi.

Ndiyo maana nayatazama kwa mchanganyiko wa furaha na wasiwasi maonjo mapya yanayotolewa katika maduka ya chai ya Tokyo na Kyoto. Mteja huketi mbele ya kaunta, na hatua hufuatana: chai ya gyokuro iliyotolewa kwa maji ya vuguvugu, matone machache yenye ladha ya mchuzi kuliko ya majani, kisha majani yenyewe kuliwa kwa chumvi au mchuzi wa ponzu, nerikiri pamoja na chai ya sencha, matcha, halafu chai ya hojicha iliyokaangwa papo hapo, moshi wake ukijaa chumba, pamoja na kitamu cha monaka au kipande cha yokan. Ufundi wake ni wa hali ya juu. Mpangaji anaposema hojicha ifuate yokan kwa kuwa moshi wake unaukata uzito wa azuki, anasema kweli. Lakini huu ni utaratibu uliojifunza kwa meza ya divai, kila ladha na mwenzake, kila mteja na kikombe chake. Katika chaji, omogashi na koicha zilitenganishwa na matembezi ya bustanini, hivyo utamu ulimngoja mnywaji ukiwa kumbukumbu tu. Kwenye kaunta hakuna bustani, na hakuna wa kumwomba radhi.

Haki inadai niseme kuwa bakuli la pamoja lilikuwa mashakani hata kabla ya kaunta. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mkuu wa 13 wa Urasenke, Ennosai, alibuni namna ya kumtengenezea kila mgeni koicha katika bakuli lake kwa ajili ya afya, na janga la korona lilipofika mwaka 2020 namna hiyo ilifufuliwa mahali pengi. Sahani ya halua nayo sasa huja mara nyingi na vijiko vidogo, au imekatwa vipande ndani ya vikopo.

Kama mtu angetaka kuzikutanisha mila hizi kwenye meza moja, nisingemshauri aanze na halua na matcha, samli itashinda. Angeanza na kashata ya nazi na hojicha, kwa kuwa nazi iliyoungua kidogo na jani lililokaangwa vina harufu za ukoo mmoja. Kisha yokan, iliyokatwa nene, na kahawa ya tangawizi bila sukari. Hiyo nadhani ingesimama, kwa kuwa azuki ina uzito wa kutosha kuingoja tangawizi. Halua angeiweka mwisho, sahani moja katikati, na kahawa yake ileile.