Picha za Kale za Nchi Yetu

Hapa Kintinku twaijua Ugogo kwa mibuyu na tembe zake. Watu wa Ulaya waliijua kwa picha. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Ugogo wakienda Tanganyika, na mwaka 1860 kitabu cha Burton kikapigwa chapa London, kina picha ndani yake. Desturi ya siku zile, mchoro wa msafiri alipewa fundi auchonge kinyume juu ya ubao, naye nchi yenyewe hakuiona. Leo wakusanyaji hununua kurasa zilizokatwa vitabuni. Nasi tukizipata, tusizitundike tu. Tuwaonyeshe wazee, watuambie kilichokosewa, tukiandike nyuma yake. Maana fundi yule hakuwauliza babu zetu.