Viazi kunyauka na kuoza: mjue bakteria kabla ya kununua dawa

Viazi vya kaunti yetu hulimwa zaidi juu, kwenye baridi ya vilima vya Taita. Lakini mkulima wa Mahoo mwenye shamba la nyanya asidhani haya hayamhusu. Bakteria anayenyausha viazi, Ralstonia solanacearum, hushambulia pia nyanya, biringanya na pilipili.

Dalili yake ya kwanza ni mmea kulegea adhuhuri ilhali udongo una maji, majani yakiwa bado ya kijani. Wengi hapo hukimbilia dawa ya ukungu. Ni pesa ya bure, kwani hakuna dawa ya kupuliza inayomponya bakteria huyu.

Jaribu hivi kwanza. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kirefu kama kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka pale ulipokata, ni huyo. Mnyauko wa ukungu hautoi nyuzi hizo. Kiazi nacho ukikikata utaona duara la kahawia ndani ya ganda. Ukikiminya, hutoka ute mweupe. Mara nyingi udongo huganda kwenye macho yake.

Wa pili ni Pectobacterium na nduguye Dickeya. Hawa huanza na shina jeusi, lenye utelezi, chini kabisa. Kiazi hugeuka uji, na uvundo wake hauhitaji glasi wala darubini.

Hatari kubwa imo kwenye mbegu. Kwenye baridi ya milimani, kiazi chaweza kubeba Ralstonia bila dalili yoyote. Kikiletwa kwenye joto la huku Taveta, mimea inaanguka. Kwa hiyo mbegu ya sokoni, hata ikiwa safi machoni, si ya kuaminiwa. Tafuta iliyothibitishwa na KEPHIS. Maabara huotesha sampuli kwenye sahani yenye rangi maalumu, na Ralstonia huota madoa meupe yenye kiini chekundu.

Ukishampata shambani, ng'oa mmea pamoja na viazi na udongo wa mizizini, uchome au uzike mbali. Osha jembe. Misimu kadhaa panda mahindi au vitunguu, na ung'oe mnavu unaojiotea, maana naye humhifadhi. Usitupe masalia mferejini: maji yale yale ndiyo anayomwagilia jirani yako wa chini.