Dhahabu ya ukingoni na moto wake wa tatu

Vikombe vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu, vile vya kutolea wageni hapa Mji wa Kale (kwetu havitoki kabatini ila siku ya Idi), vimeingia motoni mara tatu. Moto wa kwanza hukaza udongo. Wa pili hushikisha ile ngozi ya kioo. Wa tatu ndio wa dhahabu ya maji, nao ni mdogo: nyuzi 700 hadi 800 hivi. Wafinyanzi wa Iraq walitia mng'ao kwa fedha na shaba tangu karne ya 9, kwa moto wenye moshi.

Dhahabu basi iko juu juu tu. Mimi nasema, jamani, isisuguliwe kwa waya wa sufuria, wala isitiwe kwenye maikrowevu, hutoa cheche. Fundi aweza kuipaka upya, lakini kaure ya bibi ikirudi motoni na ufa uliojificha, huenda ikapasuka.