Gari Mseto Katika Mitaa ya Zhongda

Safari yetu inatupeleka Guangzhou, kusini mwa China, mahali panapoitwa Zhongda. Jina hilo ni kifupi cha Zhongshan Daxue, yaani Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kilichoasisiwa mwaka 1924 na kuhamia katika viwanja hivi vya Kangle, kusini mwa Mto Zhujiang, mwaka 1952. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh akitaja Zhongda, mara nyingi hana habari na chuo. Anakusudia soko kubwa la vitambaa lililoota jirani ya chuo hicho tangu miaka ya 1980, lenye maelfu ya maduka, na mikokoteni isiyokwisha ya majora yanayopelekwa kwenye vyerehani vya vijiji vya mjini kama Kangle na Lujiang.

Katika mitaa hiyo ndimo nilimojifunza kuendesha gari mseto, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Nasema kujifunza, ingawa nilikuwa na leseni ya nyumbani kwa miaka mingi. China haiitambui leseni ya kimataifa ya udereva. Mgeni hutakiwa kutafsiriwa leseni yake na kufanya mtihani wa nadharia wenye maswali 100, na asipopata 90 hurudi tena. Nilifaulu mtihani huo, nikazoea kupita upande wa kulia wa barabara, nikadhani kazi imekwisha.

Alasiri moja ya mvua, mwaka 2014, nilikuwa na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Majora yake yalikuwa yamejaa kiti chote cha nyuma. Tulikuwa tukijikokota katika foleni, na injini, kama ilivyo desturi ya magari haya, ikazimika yenyewe huku gari likiendelea kwenda kwa umeme.

“Mwanangu, limezimika?” akaniuliza.

“La, mama, linakwenda.”

Hakuridhika, na alikuwa na haki. Dakika chache baadaye hamali mmoja alikata njia mbele yetu akiwa na jora begani. Hakutuona, kwa sababu jora lilimziba upande wetu. Wala hakutusikia, kwa sababu hapakuwa na la kusikia. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari lilisimama ncha ya jora ikiwa imegusa kioo cha mbele. Yule bwana aligeuka, akatutazama kama watu walioibuka ardhini, kisha akaenda zake. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Mama akashusha pumzi, akasema, “Bodaboda ina kelele, lakini walau unajua inakotokea.”

Baada ya siku ile nilianza kusoma historia ya gari hili, nikitaka kujua lilibuniwa kwa ajili ya nini hasa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1900, mhandisi kijana Ferdinand Porsche, akifanya kazi katika kiwanda cha Lohner mjini Vienna, alitengeneza gari aliloliita Semper Vivus. Injini zake za petroli hazikuzungusha magurudumu. Zilizalisha umeme, na umeme huo ukaendesha mota zilizokuwa ndani ya magurudumu ya mbele. Wengine walijaribu baada yake, wakiwemo watengenezaji wa gari la Woods mjini Chicago katika miaka ya 1910. Lakini betri za risasi zilikuwa nzito mno, petroli ikawa rahisi, Ford akashusha bei ya magari yake, na mseto ukawekwa kando kwa miongo mingi.

Uhai wake mpya ulianza Japani. Mwaka 1993 kampuni ya Toyota iliunda kikosi cha kubuni gari la karne ya 21, na mhandisi Takeshi Uchiyamada akakabidhiwa uongozi. Desemba 1997, mwezi ule ule ambao wajumbe wa dunia walikutana Kyoto kujadili mabadiliko ya tabianchi, Prius ikaanza kuuzwa. Ikawa gari mseto la kwanza kutengenezwa kwa wingi.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Gari la kawaida hupoteza mafuta zaidi mjini. Linaposimama kwenye taa, injini huunguza bure. Linapofunga breki, mwendo wote ulionunuliwa kwa petroli hugeuka joto kwenye vyuma vya magurudumu na kupotelea hewani. Gari mseto lilibuniwa kuvuna hasara hiyo. Dereva anapopunguza mwendo, mota hugeuka jenereta, nayo hurudisha umeme kwenye betri. Wakati wa kuondoka tena, umeme huo ndio unaolisukuma gari katika hatua zile za mwanzo ambazo injini ya petroli huzichukia. Kwa hiyo gari hili hupata nafuu yake kubwa mahali pale pale penye foleni, na katika barabara kuu iliyonyooka faida hiyo hupungua sana. Mtu wa Singida anayesafiri kila siku mamia ya kilomita bila kusimama asitarajie miujiza anayosimuliwa na dereva wa teksi wa Nairobi.

Guangzhou ulikuwa mji wa foleni uliokuwa ukilisubiri gari la namna hiyo. Historia yake ya magari ina jina ambalo wazee wetu wanalijua vizuri. Mwaka 1985, kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilishirikiana na mji huu kuunda magari hapa, yakiwemo ya jamii ya 504 na 505, ndugu wa zile Pijo zilizobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya na kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ubia huo ulivunjika mwaka 1997, kiwanda kikachukuliwa na Honda mwaka uliofuata. Toyota nayo ikaanzisha ubia wake hapa mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2010 ikatengeneza Camry mseto katika eneo la Nansha. Katika mji jirani wa Shenzhen, kampuni ya BYD, iliyoanza mwaka 1995 kama mtengenezaji wa betri, ilizindua Desemba 2008 gari la F3DM, mseto unaochomekwa kwenye umeme, ambao ulikuwa wa kwanza duniani kutengenezwa kwa wingi.

Usiku wa tarehe 30 Juni 2012, wakazi wa Guangzhou walitangaziwa kwamba saa tatu tu baadaye, kuanzia saa sita ya usiku, usajili wa magari mapya ungewekewa mipaka. Maduka ya magari yalikesha yakiuza. Tangu hapo namba za usajili zikawa 120,000 kwa mwaka, nyingine kwa bahati nasibu na nyingine kwa mnada, na sehemu moja kati ya kumi ikatengewa magari ya nishati mpya na yanayobana mafuta. Basi wako watu wengi walioingia katika gari mseto kwa kutafuta namba ya usajili tu, bila kuwa na mapenzi yoyote na teknolojia. Siwalaumu. Ila mtu akinunua chombo kwa sababu isiyohusiana na chombo chenyewe, mara nyingi hukiendesha kama kile alichokizoea.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikikimbilia taa nyekundu na kufunga breki dakika ya mwisho, mtindo wa jiji letu. Breki ya ghafla huishinda mota. Kazi hufanywa na breki za kawaida, na umeme unaovunwa huwa kidogo. Dereva mweledi huiona taa kwa mbali, huondoa mguu mapema, hukanyaga breki polepole na kwa muda mrefu. Nilipobadilika, niliona tofauti kwenye pampu ya mafuta ndani ya mwezi mmoja. Vilevile nilikuwa na tabia ya kuweka gia huru kwenye foleni, nikiamini naipumzisha injini. Katika magari mengi ya aina hii, gari likiwa kwenye gia huru betri haichajiwi, bali huendelea kuliwa na kiyoyozi na taa hadi ikachoka.

Ipo pia nafasi ya gia iliyoandikwa herufi B, ambayo wengi hawaigusi na wengine huitumia kila mahali. Ni ya mteremko mrefu. Ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, au kutoka nyanda za Limuru kwenda Mai Mahiu, betri inaweza kujaa kabla ya mteremko kwisha, na ikijaa haina pa kupokelea umeme zaidi. Hapo B huifanya injini ilizuie gari, ili breki zisipate moto. Mjini haina faida, tena hupunguza mavuno.

Miezi michache baada ya kisa cha hamali, taa ya onyo iliwaka kwenye dashibodi. Fundi mmoja wa wilaya ya Haizhu alisikiliza, akafungua pembeni ya kiti cha nyuma, akatoa feni ndogo. Ilikuwa imevaa koti. Vumbi la nyuzi za vitambaa lilikuwa limejikunja juu yake kama sufi kwenye mto. Betri kubwa ya gari lile ilipozwa kwa hewa inayovutwa kutoka chumba cha abiria, kupitia tundu lililoko ubavuni mwa kiti. Mimi kwa miezi yote nilikuwa nikilikandamizia majora, na feni ikivuta nyuzi badala ya hewa. Betri hizo huumizwa na joto kuliko umri. Jarida la Consumer Reports la Marekani lililipima mwaka 2011 gari la Prius la mwaka 2002 lililokwisha kwenda zaidi ya kilomita 330,000, likakuta kwamba ulaji wake wa mafuta haukutofautiana sana na ule wa gari jipya la aina hiyo lililopimwa miaka kumi kabla. Langu lilikuwa na umri wa miaka saba, nusura nililiue kwa shehena ya vitambaa.

Yule fundi alinionyesha na nyaya nene za rangi ya chungwa. Rangi hiyo huashiria umeme wa volti za juu. Katika Prius ya mwaka 2003 betri ilikuwa na volti zipatazo 200, na zilipandishwa hadi 500 kuendesha mota. Hakuzigusa kabla ya kuzima gari, kuupeleka ufunguo mbali, kuvaa glavu maalumu, kuchomoa kikata umeme cha betri na kusubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe. Nawataja mafundi wetu wa Gerezani na wa Grogan kwa heshima, maana wamefufua magari ambayo viwanda viliyakatia tamaa. Lakini ustadi wa miaka thelathini kwenye injini hauzuii umeme huo kuua.

Tukirudi kwenye ukimya, sheria zilichelewa. Marekani ilipitisha sheria Januari 2011 ya kuyataka magari ya namna hii yatoe sauti yakiwa katika mwendo mdogo, na kanuni ya Umoja wa Mataifa ikafuata mwaka 2016. Magari mengi ya mtumba yaliyotangulia hayana sauti hiyo. Kwa hiyo katika kichochoro cha soko dereva mwenyewe ndiye kengele. Mimi huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kioo kikiwa wazi, na hupiga honi fupi ya adabu kabla ya mtu mwenye mzigo hajafika mbele yangu. Ukimya huo humdanganya hata dereva: ukiona neno READY kwenye dashibodi, gari liko tayari kuondoka ingawa halinong’oni, na injini inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Kuliacha hivyo ndani ya gereji iliyofungwa ni kujitafutia hewa ya sumu.

Hivi leo mitaa ya Guangzhou imejaa magari yenye namba za kijani, yale ya umeme mtupu na ya mseto unaochomekwa, huku magari mseto ya kawaida yakibaki na namba za bluu. Teksi na mabasi yamehamia kwenye umeme. Lakini mseto wa kizazi cha zamani haujastaafu, umepanda meli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, basi likifika Mombasa na umri huo betri yake huwa imekwisha kuonja majira mengi ya joto ya Japani, na mbele yake kuna vumbi la barabara zetu.

Yule mama bado tunasalimiana. Si muda mrefu uliopita alinipigia simu kutoka Dar es Salaam: mpwa wake amenunua gari mseto, na taa ya onyo imewaka. Nikamwomba amwambie kijana apapase ubavuni mwa kiti cha nyuma, atafute tundu lenye matundu madogo kama chujio. Tulingoja kwenye simu. Nikamsikia mama akicheka. Ndani ya tundu mlikuwa na soksi ya mtoto, na mtoto mwenye miguu midogo kiasi kile hawakuwa naye katika nyumba yao.