Kehancha Tulishajaribu Bunduki, Wasee

Juzi nilikuwa steji ya boda hapa Kehancha na stori ilikuwa moja tu. Dada mmoja wa duka la kutuma pesa alivamiwa jioni akifunga. Wezi wawili, bunduki moja. Rafiki yangu, anayebeba abiria usiku, akasema: "Serikali ingeruhusu kila raia awe na mguu wa kuku, hao wangethubutu?" Steji nzima ikamuunga mkono. Mimi nilinyamaza, kwa sababu namjua, na nilijua hakuwa anatania.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya profesa. Lakini hilo swali lake sisi Wakuria tulishalijibu. Tulilijibu kwa damu, halafu tukasahau.

Wizi wa ng'ombe kwetu ni wa zamani kuliko mpaka wa Kenya na Tanzania. Babu yangu alikuwa akisema zamani mwizi alikuja usiku, kimya kimya, na mishale yake. Mwenye boma akishtuka anapiga yowe. Yowe likisikika, kila mwanaume anatoka na silaha yake, mnafuata nyayo mpaka asubuhi. Watu waliumia, wengine walikufa, sisemi kulikuwa peponi. Lakini mwizi alijua kitu kimoja: kijiji kizima kitamfuata.

Halafu ikaja vita ya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania. Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wakuria walikuwa wengi katika jeshi la Tanzania, kama vile babu zao walivyokuwa wengi kwa jeshi la Mwingereza, KAR. Vita ilipoisha wanajeshi walirudi nyumbani, na bunduki nyingine zikarudi nao. Koo zetu ziko pande zote mbili za mpaka, kwa hivyo kilichofika Tarime hakikukawia kufika huku.

Sasa sikiza vizuri. Kitu cha kwanza ambacho bunduki iliua kwetu ni yowe. Nani atakimbia gizani na upinde kumfuata mtu anayekumiminia risasi? Watu walibaki ndani. Mwizi hakuhitaji tena kuja kimya. Alikuja na genge, akachukua zizi zima, akavusha mpaka akauze.

Wenye ng'ombe wakafikiria vile rafiki yangu anavyofikiria leo: na sisi tutafute zetu. Walipata. Je, wezi waliogopa? Walikuja wengi zaidi, na wakaanza kupiga risasi kwanza, maana sasa walijua ndani ya boma kuna bunduki. Na ile iliyonunuliwa kulinda zizi la baba, kijana wa nyumbani angeweza kuichukua usiku aende nayo kuvamia ukoo mwingine. Chuma hakijui kama kimeshikwa na mlinzi ama mwizi. Ndiyo maana mwaka 2009, Abairege na Abanyabasi walipopigana kule Kuria Mashariki, maelfu ya watu walihama makwao.

Na si sisi pekee. Mwaka huo huo wa 1979, kambi ya jeshi ya Moroto, Uganda, ilipoachwa wazi, Wakaramojong walibeba bunduki. Walisema ni za kulinda mifugo. Zaidi ya miaka 20 baadaye serikali yao ilikuwa bado inahangaika kuwanyang'anya.

Kilichopunguza wizi huku kwetu kilikuwa sungusungu. Kilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafika kwa Wakuria wa Tanzania, na mwaka 1998 kikavuka kuja upande wetu kwa baraka za utawala. Silaha zao zilikuwa mishale na fimbo. Nguvu yao haikuwa hapo. Nguvu ilikuwa kwamba kila boma lilitoa mtu, na mwizi alitajwa mbele ya iritongo, hata kama ni mtoto wa mkubwa. Ni yowe lilirudi, limepangwa vizuri zaidi. Na pia nisiwadanganye: sungusungu walipiga watu vibaya, na mwenye kushukiwa hakuwa na wakili. Sitaki turudi huko kote.

Najua mtaniambia: na Westgate je? Ni swali la haki. Shambulio la magaidi lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 pale Nairobi liliua watu 67. Raia wenye bastola za leseni, Abdul Haji mmoja wao, waliingia pamoja na polisi wachache kabla kikosi chochote kikubwa hakijafika, wakatoa watu wakiwa hai. Hao ni mashujaa, sibishani. Lakini siku hiyo hiyo afisa wa kikosi cha Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake mwenyewe. Hao ni watu wa mafunzo, wa serikali moja. Sasa piga picha soko la Kehancha siku ya soko, mlio mmoja umesikika, na watu 40 wamechomoa bastola. Nani mwizi hapo?

Halafu tukumbuke, sheria ya Kenya tayari inaruhusu raia kuomba leseni ya bunduki. Wanaoipata ni wenye pesa. Dada wa duka hatapata. Wa steji akitaka ya haraka, atanunua ya magendo, na kuanzia siku hiyo polisi watamhesabu pamoja na wezi.

Jana nilimwambia rafiki yangu haya yote. Akaniuliza: "Na wakinipata peke yangu, saa saba usiku?" Manze, sikuwa na jibu safi. Nilimwambia tu kwamba bunduki itamwacha vile vile, peke yake. Tukaanza kuhesabu wasee wa steji wanaofanya usiku. Tukapata tisa. Tumekubaliana kila mmoja awe na filimbi na namba za wenzake, na yeyote akipiga, wote tisa wanawasha pikipiki.

Ni kitu kidogo. Lakini hivyo ndivyo yowe lilivyofanya kazi.